Mwavuli ukishafunguka: mafunzo ya usalama kwa wanaojifunza kuruka angani

Watu wengi wanapofikiria hatari ya kuruka kutoka ndegeni, jambo la kwanza linalowajia akilini ni parachuti kukataa kufunguka. Hofu hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, kumbukumbu za ajali za miongo ya karibuni zinaeleza habari nyingine: sehemu kubwa ya wanaofariki au kuvunjika viungo katika mchezo huu huumia wakiwa chini ya mwavuli uliofunguka sawasawa, usio na kasoro yoyote, katika sekunde chache za mwisho kabla ya kugusa ardhi.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya mwanafunzi wa leo hayaishii katika kumweleza namna ya kutoka ndegeni na kuvuta kishikio. Anafundishwa kuwa rubani. Mwavuli alionao mgongoni ni bawa, na bawa hilo litampeleka mahali fulani kwa kasi fulani, apende asipende. Kama hatalielekeza yeye, upepo utalielekeza.

Kwa mujibu wa Chama cha Parachuti cha Marekani, USPA, watu 10 walifariki nchini humo mwaka 2023 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Katika miaka ya 1970, wakati wanaoruka walikuwa wachache zaidi, wastani ulikuwa zaidi ya vifo 40 kwa mwaka. Mchezo umekuwa salama zaidi kwa kiasi kikubwa, lakini hatari iliyobaki imehama. Zamani ilikuwa juu, ambako mwavuli ulichelewa kufunguliwa au haukufunguka kabisa. Siku hizi iko chini, karibu na nyasi.

Kutoka duara hadi bawa

Mfaransa André-Jacques Garnerin aliruka kutoka kwenye puto juu ya bustani ya Monceau, Paris, tarehe 22 Oktoba 1797. Kitambaa chake hakikuwa na tundu juu la kutolea hewa, hivyo kiliyumba huku na huko kama kengele hadi chini. Miaka 122 baadaye, tarehe 28 Aprili 1919, Mmarekani Leslie Irvin aliruka kutoka ndegeni karibu na Dayton, jimbo la Ohio, akaufungua mwenyewe mwavuli wake akiwa tayari angani. Miavuli hiyo yote, na ile iliyotumiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa ya duara. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kupunguza mwendo wa kuanguka.

Kwa Waafrika Mashariki wengi picha ya parachuti bado ni ile ya duara: askari wa miavuli wakimwagika kutoka tumbo la ndege, kila mmoja akining'inia chini ya uyoga wake. Mwavuli wa aina hiyo hauna mengi ya kuendesha. Askari hutua pale upepo unapomtupa, na elimu yake kubwa ni namna ya kuanguka bila kuvunjika mguu.

Mabadiliko yaliletwa na Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara na maputo nchini Marekani, ambaye mwaka 1964 aliomba hataza ya kitambaa chenye vyumba vilivyo wazi upande wa mbele. Hewa huingia katika vyumba hivyo, ikavijaza na kukifanya kitambaa kiwe na umbo la bawa la ndege. Bawa hilo halishuki wima. Huteleza mbele, na kwa kila mita moja linayoshuka husonga mbele mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kufikia miaka ya 1980 wanafunzi nao walianza kupewa miavuli ya aina hii, na leo katika vilabu vya kiraia ni nadra sana kuona mwanafunzi akiruka na mwavuli wa duara.

Faida yake ni dhahiri. Mwanafunzi anaweza kuchagua atue wapi, na akitua vizuri hutembea kana kwamba ameshuka ngazi. Gharama yake haionekani kwa urahisi. Mwavuli wa duara humtua hata mtu aliyezimia, na mara nyingi hunusurika. Bawa linahitaji uamuzi, na uamuzi mbaya hulipwa papo hapo.

Vifaa vinavyookoa, na mahali vinapokoma

Mwanafunzi hubeba miavuli miwili katika mkoba mmoja, mwavuli mkuu na ule wa akiba. Mkuu ukifunguka vibaya, huvuta kishikio kilicho upande wa kulia wa kifua ili kuutupa, kisha hushika cha kushoto na kufungua wa akiba. Mfumo wa pete tatu unaouachia mwavuli mkuu kwa mvuto mdogo wa mkono ulibuniwa na Mmarekani Bill Booth katika miaka ya 1970, na kabla yake kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya hatari.

Mwaka 1991 Mjerumani Helmut Cloth alileta sokoni kifaa cha kielektroniki kiitwacho Cypres, ambacho hupima kimo na kasi na kuukata uzi unaoufunga mwavuli wa akiba iwapo mrukaji angali anaanguka kwa kasi karibu na ardhi. Kile cha warukaji wazoefu hufanya kazi kwenye kimo cha mita 225 hivi, ikiwa kasi ya kushuka imezidi mita 35 kwa sekunde. Cha wanafunzi ni chepesi zaidi kushtuka, kwani mita 13 kwa sekunde zinatosha. Mwanafunzi anayezungusha mwavuli mzima kwa nguvu akiwa chini anaweza kuifikia kasi hiyo, akashangaa kuona mwavuli wa akiba unatoka wakati ule wa kwanza haukuwa na tatizo. Kwa hiyo hata kifaa cha kumwokoa kinamtaka ajue namna ya kugeuka.

Booth huyohuyo ana kauli ambayo warukaji huirudia mara kwa mara, yenye maana kwamba kadiri vifaa vinavyokuwa salama zaidi, ndivyo watu wanavyojitia katika hatari zaidi, mpaka hesabu ya vifo ibaki palepale. Ni kauli ya mzaha nusu. Lakini katika miaka ya 1990, vifo vya waliochelewa kufungua vilipopungua kutokana na vifaa kama Cypres, vifo vya kutua viliongezeka, kwa kuwa wazoefu walianza kutumia mabawa madogo yenye kasi kubwa na kuyageuza chini kwa makusudi ili watue kwa mbwembwe. Tangu hapo vyama vikalazimika kuliangalia upya somo la kuendesha mwavuli kwa ngazi zote.

Siku ya darasani

Kuna njia tatu za kawaida za kuanza. Ya kwanza ni kuruka ukiwa umefungwa kifuani kwa mkufunzi, jambo ambalo watalii wengi hulifanya mara moja wakaridhika. Ya pili ni ya kamba iliyofungwa ndegeni, ambayo huufungua mwavuli mara tu mwanafunzi anapotoka. Ya tatu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, humpeleka mwanafunzi juu kabisa, kwenye mita 3,000 hadi 4,000, akiwa ameshikwa na wakufunzi wawili, na humwachia afungue mwavuli wake mwenyewe.

Katika njia hizo mbili za mwisho hakuna anayepanda ndege kabla ya darasa la ardhini, ambalo huchukua karibu siku nzima. Mwanafunzi huning'inizwa kwenye mikanda iliyofungwa darini, akaonyeshwa picha za miavuli iliyofunguka vibaya, na kutakiwa kuamua: huu unaruka au hauruki? Mkufunzi hutaka jibu la haraka na mikono iende kwenye vishikio bila kutafuta. Zoezi hurudiwa hadi linachosha, na lengo ni hilo hasa.

Kisha huja somo ambalo vijana wengi hulidharau, la kuanguka. Miguu hubanwa pamoja, magoti yakakunjwa kidogo, na mwili ukajiviringisha ubavu: nyayo, ndama, paja, nyonga, kisha bega la upande wa pili. Ni mbinu ya askari wa miavuli ya duara, lakini haijazeeka. Anayetua vibaya na miguu ikiwa pamoja kwa kawaida huinuka na michubuko. Anayenyoosha mguu mmoja mbele kutafuta ardhi, au mkono nyuma kujikinga, ndiye anayepelekwa hospitali.

Katika kofia ya mwanafunzi huwekwa redio ndogo, na mkufunzi aliye chini humwelekeza: geuka kushoto, simamisha, vuta. Sauti hiyo humtuliza sana anayeruka kwa mara ya kwanza. Lakini redio huzimika, betri huisha, na mara nyingine mkufunzi humtazama mwanafunzi asiye wake. Kwa anayefundishwa katika lugha ya ugenini, kama ilivyo kwa Waswahili wengi wanaojifunza Uingereza, Marekani au Ghuba, kuna tatizo la ziada: neno lililoeleweka vizuri darasani linaweza kupotea kabisa kwenye kimo cha mita 100, moyo ukidunda. Inafaa maneno ya redio yawe machache, yakubaliwe mapema, na mwanafunzi ayarudie kwa sauti kabla ya kupanda. Na kanuni ya jumla ni kwamba redio ni msaada tu. Mwanafunzi hupandishwa akiwa anaweza kutua bila kusikia neno.

Dakika tano za peke yake

Mwanguko huru kutoka mita 4,000 huchukua takriban dakika moja. Safari ya chini ya mwavuli huchukua dakika tano au zaidi, na hapo hakuna wa kumshika mkono.

Kazi ya kwanza ni kuutazama mwavuli wenyewe. Una umbo la mstatili? Umetulia? Unatii? Kamba zilizosokotana zinaweza kufumuliwa kwa kupiga mateke, na vyumba vya pembeni visivyojaa hewa vinaweza kujazwa kwa kuvuta breki zote mbili na kuzishikilia kidogo. Kisha mwanafunzi hugeuka kushoto, hugeuka kulia, na kujaribu kuvuta breki zote hadi chini kama atakavyofanya wakati wa kutua. Yote haya hufanyika juu, kwa sababu kuna kimo ambacho uamuzi lazima uwe umeshafanyika. Katika mafunzo ya Marekani kimo hicho kwa mwanafunzi ni futi 2,500, yaani karibu mita 760. Kama hadi hapo mwavuli haujaonyesha kwamba unaendeshwa na unaweza kutua, unatupwa na wa akiba unafunguliwa. Kuendelea kuupigania mwavuli mbovu huku altimita mkononi ikishuka ni kosa la zamani, na bado linaua.

Mwavuli ukiwa mzima, mwanafunzi hutafuta mambo matatu: uwanja uko wapi, upepo unatoka wapi, na wengine wako wapi. Miavuli miwili ikikabiliana uso kwa uso, kila mmoja hugeuka kulia. Aliye chini ana haki ya njia, kwa kuwa aliye juu ndiye anayemwona mwenzake.

Muda uliobaki juu si wa kustarehe tu. Ngazi nane za programu ya mwanafunzi ya USPA, kuanzia A hadi H, kila moja ina sehemu ya kuendesha mwavuli pamoja na ile ya mwanguko huru. Mwanafunzi hujifunza kugeuka akiwa na breki nusu, ambako mwavuli huzunguka ukiwa karibu tambarare na kupoteza kimo kidogo. Hujaribu pia kuvuta breki kwa muda mrefu hadi bawa linapopoteza hewa na kuanza kuanguka nyuma, ili ajue mkono ukiwa wapi jambo hilo hutokea. Ni bora alijue kwenye mita 1,000 kuliko kwenye mita 5.

Hesabu ya upepo

Nahodha wa jahazi angeielewa sehemu hii upesi kuliko abiria wa ndege. Mwavuli wa mwanafunzi husafiri hewani kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa saa, na hewa yenyewe inakwenda. Tuseme upepo unavuma kwa kilomita 20 kwa saa, kiwango ambacho bado kiko ndani ya mpaka wa USPA kwa wanafunzi, wa maili 14 au kilomita 22. Akiukabili upepo, mwanafunzi anaipita ardhi kwa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia. Akiupa mgongo, anaipita kwa kilomita 55. Mwavuli ni uleule na mikono ni ileile. Ila nishati ya mwendo huo wa mbele, ambayo huongezeka kwa mraba wa kasi, imezidi zaidi ya mara 13.

Ili afike chini akiwa ameukabili upepo, mwanafunzi hufuata njia yenye pande tatu, kama marubani wa ndege ndogo. Kwenye futi 1,000 anakuwa upande wa joshi wa shabaha yake, akianza kwenda na upepo na kuiacha shabaha ubavuni. Kwenye futi 600 hivi hugeuka nyuzi 90 na kuukata upepo. Kwenye futi 300 hugeuka tena nyuzi 90, akaukabili, na kutoka hapo hageuki tena isipokuwa kurekebisha kidogo. Upepo ukiwa mkali, upande wa mwisho huwa mfupi na geuko lake hufanywa karibu zaidi na shabaha. Mwanafunzi asiyekumbuka hilo hurudishwa nyuma na kutua kwenye shamba la jirani.

Kila mahali pana upepo wake. Huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ambako warukaji hutua ufukweni, mtu anayezijua kusi na kaskazi ana mwanzo mzuri, lakini anahitaji zaidi ya hapo. Upepo utokao baharini hufika ufukweni ukiwa laini, haujagonga kitu. Umande, utokao bara, hufika umevuka minazi na mapaa ya hoteli, na nyuma ya vizuizi hivyo hewa huvurugika kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Kwa kadirio linalofundishwa, vurugu hiyo inaweza kuenea mara 10 hadi 20 ya urefu wa kizuizi. Mnazi wa mita 20 unaweza kuivuruga hewa hadi mita 200 au 400 upande wake wa demani, na ufukwe wote unaweza kuwa ndani ya eneo hilo.

Jangwani hatari ni nyingine. Dubai, ambako wanafunzi hufundishwa kwenye uwanja wa jangwani na si ule wa mjini kando ya bahari, au Eloy katika jimbo la Arizona, jua la mchana huinua hewa moto na kuzaa visulisuli. Kisulisuli kilichobeba vumbi huonekana. Kisicho na vumbi hakionekani, nacho kinaweza kuukunja mwavuli juu ya kichwa cha mtu aliye mita 20 kutoka ardhini. Kwa hiyo wanafunzi wa jangwani huamka alfajiri, na wakati wa joto kali hukaa kivulini na kukunja miavuli.

Mwinuko nao una hesabu yake. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na bawa hulazimika kwenda haraka zaidi ili libebe uzito uleule. Aliyejifunza usawa wa bahari kisha akaenda kuruka kwenye nyanda za karibu na Johannesburg, zenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, atakuta ardhi inamjia kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 8 hivi ile aliyoizoea, hata siku isiyo na upepo.

Mita kumi za mwisho

Breki za mwavuli ni kamba mbili zinazoishia kwenye vishikio, kimoja kwa kila mkono. Mwanafunzi hushuka mikono ikiwa juu kabisa, mwavuli ukienda kasi yake yote, kisha kwenye kimo cha mita 3 hadi 4 huvuta vyote viwili pamoja, kwa ulaini, hadi chini. Bawa huinua pua, kushuka husimama kwa muda mfupi, na miguu hugusa nyasi.

Makosa ni mawili. Anayevuta mapema hujikuta amesimama hewani kwenye kimo cha ghorofa ya kwanza, bila kasi. Silika humwambia arudishe mikono juu. Akifanya hivyo bawa hupiga mbizi na kumbamiza chini. Anachofundishwa ni kuishikilia mikono pale ilipofika, kubana miguu, kumalizia kuvuta akikaribia ardhi, na kujiviringisha. Anayechelewa kuvuta hana la kufanya isipokuwa kuvuta haraka na kujiviringisha vilevile. Macho huwekwa mbele, si kati ya miguu, kwa sababu anayeitazama ardhi moja kwa moja chini yake huiona inamrukia.

Makosa hayo mawili huvunja vifundo vya miguu. Kinachoua ni geuko la chini.

Hutokea hivi. Mwanafunzi yuko mita 30 juu, ameukabili upepo, mambo yanakwenda vizuri. Ghafla anaona uzio mbele, au mtu, au anagundua kwamba soksi ya upepo imegeuka na yeye anatua akiupa upepo mgongo. Anavuta kishikio kimoja hadi chini. Mwavuli unalala ubavu na kuinamisha pua, na yeye anarushwa nje kama jiwe la teo. Katika hali hiyo bawa linahitaji makumi ya mita kurudi kwenye utulivu. Makumi hayo hayapo. Anaigusa ardhi kwa ubavu au kwa kichwa, chini ya mwavuli mzima kabisa.

Mkufunzi huweka mpangilio wa vipaumbele ambao mwanafunzi hutakiwa kuukariri: bawa liwe tambarare kwanza, kisha njia iwe wazi, kisha breki zivutwe angalau nusu, na miguu iwe tayari kujiviringisha. Kuukabili upepo hakumo kati ya hayo. Kutua ukiupa upepo mgongo kwa kilomita 55 kwa saa kunatisha, na pengine mtu ataburuzwa na kuchubuka uso, lakini huamka. Kama lazima akwepe kitu, atumie lile geuko tambarare la breki nusu alilolifanyia mazoezi juu. Somo hili huonekana rahisi likiwa kwenye ubao. Ugumu wake ni kwamba silika nzima ya mwili inataka kinyume chake.

Maji, miti na nyaya

Asiyefika uwanjani huchagua mahali mbadala akiwa bado juu, kwenye futi 2,000 hivi, wala hasubiri hadi chaguo libaki moja. Miti hupokewa miguu ikiwa imebanwa na uso umekingwa, kisha mtu hubaki pale akisubiri ngazi. Wengi wameumia si kwa kutua mtini bali kwa kujaribu kushuka wenyewe. Nyaya za umeme huepukwa kwa gharama yoyote, na zisipoepukika huendewa sambamba, si kwa kuzikata. Aliyekwama kwenye nyaya haguswi na mtu hadi umeme uzimwe.

Maji huwahadaa watu wa pwani. Anayejua kuogelea hudhani bahari ni godoro, kumbe kitambaa na kamba zinazomfuata majini ndizo zinazozamisha. Mwanafunzi huelekezwa kulegeza mkanda wa kifua akiwa bado juu, kutua akiukabili upepo, kuchomoka mikandani mara anapogusa maji, na kuogelea akienda mbali na kitambaa. Kwenye viwanja vilivyo karibu na bahari au ziwa hupewa pia jaketi la kuokolea. Wanaotaka leseni ya pili ya Marekani, leseni B, hulazimika kufanya zoezi la maji wakiwa wamevaa mikanda.

Ukubwa wa bawa na daraja la leseni

Mtu wa kilo 80 huwa na kilo 92 hivi akishavaa vifaa vyake. Kama mwanafunzi hupewa mwavuli wa mita za mraba 26 au karibu na hapo, yaani kilo tatu na nusu kwa kila mita. Mzoefu wa uzito huohuo anaweza kutumia wa mita 11, ambao kila mita yake inabeba kilo zaidi ya 8. Mwavuli wa pili si toleo dogo la ule wa kwanza. Huenda kasi zaidi, hugeuka kwa mguso mdogo, na hupoteza kimo kingi zaidi katika kila geuko. Wakufunzi wengi huchukua kilo 5 kwa mita ya mraba kuwa mpaka wa juu kwa anayeanza, na hushuka naye hatua moja moja kadiri anavyothibitisha kwamba anautawala mwavuli alionao. Mwanafunzi aliyenunua mtandaoni mwavuli wa mtumba kwa sababu ni wa bei nafuu na una rangi nzuri, bila kumwuliza mkufunzi, ni mgeni anayejulikana katika kila klabu duniani.

Nchini Marekani leseni ya kwanza, A, inataka miruko 25, ikiwemo mitano iliyotua ndani ya mita 20 za shabaha. Uingereza, ambako mchezo unasimamiwa na British Skydiving, chama kilichoanzishwa 1961 kwa jina la British Parachute Association, anayepitia njia ya mwanguko huru hufanya ngazi nane na miruko 10 ya peke yake, pamoja na mtihani wa kuendesha mwavuli. Tangu mwaka 2012 USPA inamtaka anayeomba leseni B awe amepitia pia kozi maalumu ya mwavuli, ambayo ndani yake kila kutua hurekodiwa kwa video na kujadiliwa. Wengi wa waliohudhuria hugundua kwamba walikuwa wakivuta breki moja kabla ya nyingine kwa miezi mingi bila kujua.

Baada ya kila mruko mwanafunzi huokota mwavuli wake, humweleza mkufunzi alichokusudia na kilichotokea, na kuandika kitabuni umbali kati ya mahali alipotua na shabaha. Kitabu hicho husafiri naye. Mwenye leseni anayetoka London au Muscat kwenda kuruka Diani huonyesha leseni yake na tarehe ya mruko wake wa mwisho, vifaa vyake hukaguliwa, kisha hupelekwa mbele ya picha ya uwanja iliyopigwa kutoka juu na kuonyeshwa minazi iko wapi, nyaya zinapita wapi, miamba huonekana saa ngapi maji yakitoka, na upepo wa siku hiyo unatoka upande gani.